Ndugu wa Tumbo Moja: Istilahi za Kiswahili za Kupita Katika Vichwa vya Matini kwa Kibodi



Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya kurasa mia mbili hutumia sehemu kubwa ya siku yake kutafuta, wala si kuandika. Hutafuta mahali alipoifafanua nadharia yake, hukumbuka kwamba mfano fulani ulikwisha kutajwa katika sura ya tatu, hurudi huko, kisha husahau alikotoka. Wengi huifanya kazi hiyo kwa kuzungusha gurudumu la kipanya mpaka macho yachoke. Ilhali zipo programu za kuandikia zinazomwezesha mtu kuruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine kwa kubonyeza vitufe viwili tu, bila ya kuondoa mikono kwenye kibodi.

Mhadhara huu unahusu amri hizo na majina yake. Swali linaloulizwa ni la istilahi: mwalimu anayewafundisha wanafunzi amri hizi kwa Kiswahili aziite nini, na mfasiri wa programu aandike nini kwenye menyu? Huenda swali likaonekana dogo. Hata hivyo, katika kulijibu hujitokeza jambo linalowahusu wote wanaounda istilahi, nalo ni kwamba mfasiri anayefasiri jina la amri, badala ya kutazama amri inatenda nini, hurithi hata makosa ya aliyeibuni.

Matini kama mti

Programu inayozungumziwa hapa huiona matini kama mti wa vichwa, wala si mfululizo wa mistari tu. Kila kichwa kina ngazi yake, na chini yake huweza kuwa na vichwa vingine vya ngazi ya chini zaidi. Wazo hili si geni. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliuonyesha umma mfumo ulioitwa NLS. Mbele ya hadhira hiyo aliandika orodha ya vitu vya kununua, akaipanga katika makundi, kisha akayaficha na kuyafichua yaliyomo ndani ya kila kundi. Maonyesho hayo hukumbukwa zaidi kwa sababu ya kipanya, ambacho watu wengi walikiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Orodha ile ya kukunjwa na kukunjuliwa haikupata umaarufu kama huo, japo ndiyo iliyobeba fikra nzito zaidi.

Katika mhadhara huu mfano utakaotumika ni Org, iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwanafalaki Carsten Dominik wa Amsterdam, nayo hufanya kazi ndani ya kihariri cha Emacs. Imechaguliwa kwa kuwa haifichi chochote. Kichwa huandikwa kwa kutanguliza nyota mwanzoni mwa mstari: nyota moja kwa sura, nyota mbili kwa sehemu ya sura, nyota tatu kwa kifungu cha sehemu, na kuendelea. Kadiri nyota zinavyoongezeka ndivyo hadhi ya kichwa inavyopungua, kinyume kabisa cha hoteli za nyota tano na mabega ya maofisa wa jeshi. Wanafunzi wapya hukosea hapo kwa siku mbili tatu, kisha huzoea.

Amri za kupita katika vichwa ni tano. Zote hutolewa kwa kushikilia kitufe cha Ctrl na kubonyeza C, kisha herufi nyingine huku Ctrl ikiwa bado imeshikiliwa. Kwa N kielekezi huenda kwenye kichwa cha baada ya pale kilipo. Kwa P hurudi kwenye kilichotangulia. Kwa F na B huenda na kurudi katika vichwa vya ngazi ileile. Kwa U hupanda hadi kichwa kinachokitawala kile kilichopo. Vitendo hivyo ni rahisi. Ugumu uko katika kuvitaja.

Mbele, nyuma na juu

Jambo la kwanza linalomjia mfasiri ni kusema "kichwa cha mbele" na "kichwa cha nyuma". Mwandishi wa Kiswahili huandika "huko mbele" akiwa na maana ya kurasa ambazo msomaji hajazifikia, na "hapo nyuma" kwa zile alizokwisha kuzipita. Mpaka hapo hakuna tatizo. Lakini ukurasa wa mbele wa gazeti ni ule wa kwanza, na faharasa iliyo nyuma ya kitabu iko mwishoni. Kwa hiyo neno "mbele" huelekea mwisho wa matini pale msomaji anapofikiriwa kuwa msafiri, na huelekea mwanzo pale kitabu kinapofikiriwa kuwa kitu chenye uso na mgongo. Matumizi yote mawili ni sahihi, na hakuna kamusi itakayoweza kumzuia mtu asiyachanganye. Menyu yenye maneno "kichwa cha mbele" humwachia mtumiaji kazi ya kukisia.

Neno "juu" lina hatari kubwa zaidi. "Kama ilivyoelezwa hapo juu" ni usemi wa kila siku wa maandishi ya kitaaluma, na maana yake ni mistari iliyotangulia katika ukurasa. Katika mti wa vichwa, hata hivyo, "juu" ni ngazi. Kichwa kilicho mstari wa juu si lazima kiwe cha ngazi ya juu. Aghalabu huwa ni cha ngazi ileile, na wakati mwingine huwa cha ngazi ya chini zaidi. Mwalimu akiwaambia wanafunzi "nendeni kichwa cha juu", nusu ya darasa itabonyeza P na nusu itabonyeza U, na wote watakuwa wamemtii.

Lugha, kwa bahati nzuri, ina vitenzi viwili visivyo na utata huo, yaani kufuata na kutangulia. Kinachofuata ni cha baadaye, kinachotangulia ni cha kabla, iwe ni katika foleni, katika msafara au katika tasnifu. Kwa hiyo N ni "kichwa kinachofuata" na P ni "kichwa kinachotangulia". Ipo sharti moja ya kuongeza. Amri hizi huruka vichwa vilivyokunjwa na kufichwa, maana huhesabu tu vile vinavyoonekana kwenye skrini. Mwongozo usiosema hivyo humfanya mwanafunzi adhani kazi yake imepotea, na si mmoja tu aliyewahi kupatwa na mshtuko huo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Ndugu na rika

Amri za F na B ndizo zinazostahili kutazamwa kwa makini. Jina lake rasmi katika Emacs husema kwamba hupeleka kielekezi kwenye kichwa cha ngazi ileile. Mfasiri mwaminifu ataandika "kichwa cha ngazi sawa", naye atakuwa amekosea kwa uaminifu wake.

Ichukuliwe tasnifu ya kawaida. Sura ya Pili, "Mapitio ya Kazi Tangulizi", ina sehemu tatu: "Dhana ya Nomino", "Tafiti kuhusu Ngeli" na "Pengo la Utafiti". Sura ya Tatu, "Methodolojia", ina sehemu mbili: "Eneo la Utafiti" na "Ukusanyaji wa Data". Sehemu hizo tano zote zina nyota mbili. Ngazi yao ni moja. Kielekezi kikiwa kwenye "Dhana ya Nomino", F hukipeleka kwenye "Tafiti kuhusu Ngeli", na F ya pili hukifikisha kwenye "Pengo la Utafiti". Mtumiaji akibonyeza F kwa mara ya tatu, kielekezi hakivuki. "Eneo la Utafiti" ni kichwa cha ngazi ileile, lakini hakifikiwi kwa amri hii, kwa sababu kiko chini ya sura nyingine. Amri husimama kwenye mpaka wa mzazi. Aliyesoma "ngazi sawa" atafikiri programu imeharibika.

Wataalamu wa kompyuta huuita muundo huu mti, lakini wanapotaja mahusiano ya matawi yake huikimbilia lugha ya ukoo na kusema mzazi, mtoto na ndugu. Kiswahili kikiingia katika uwanja huo kinaingia kikiwa tajiri. Neno "ndugu" peke yake halitoshi, kwani ni pana mno. Watoto wa mtu na kaka yake huitana ndugu, tena kwa haki. Watu wa kijiji kimoja waliokutana mjini huitana ndugu. Na katika Tanzania ya miaka ya Ujamaa kila raia alikuwa ndugu. Kwa maana hiyo "Pengo la Utafiti" na "Eneo la Utafiti" ni ndugu pia. Lakini wanajamii walipohitaji kutenga uhusiano ulio finyu zaidi walikwisha kuufanyia usemi: ndugu wa tumbo moja. Hivyo ndivyo F na B zilivyo. Hupita katika ndugu wa tumbo moja, na tumbo likiisha, husimama.

Kwa wale wengine, wa hadhi moja lakini wa nyumba mbalimbali, lipo neno "rika". Watu wa rika moja hawahitaji kuwa na mzazi mmoja. Kinachowaunganisha ni mahali pao katika mpangilio wa jamii. Vichwa vyote vya nyota mbili katika tasnifu nzima ni rika moja. Na amri ya kupita katika rika ipo kweli, ila si katika vitufe vitano vilivyotajwa. Ipo katika programu za kusoma skrini zinazotumiwa na wasioona, nazo zitafikiwa baadaye. Katika programu hizo, kubonyeza tarakimu 2 humpeleka mtu kwenye kichwa kinachofuata cha ngazi ya pili popote kilipo, hata kama ni kuvuka mpaka wa sura.

Tofauti ya amri hizi huonekana vizuri zaidi mtu akisimama mahali pamoja na kuzijaribu zote. Kutoka "Pengo la Utafiti", amri ya kichwa kinachofuata huelekea "Sura ya Tatu". Amri ya rika huelekea "Eneo la Utafiti". Amri ya ndugu wa tumbo moja haiendi popote. Na amri ya mzazi hurudi "Sura ya Pili". Maneno "mbele" na "ngazi sawa" yangeuficha utofauti huo wote. Anayependa kuusukuma mfano mbali zaidi anaweza kuona kwamba, kwa "Pengo la Utafiti", Sura ya Kwanza ni baba mkubwa na Sura ya Tatu ni baba mdogo, na kwamba U ikifuatiwa na F ni safari ya kwenda kwa baba mdogo. Istilahi hiyo haipendekezwi kwa menyu yoyote, lakini darasani imethibitika kuwa haisahauliki.

Kuna suala la upatanisho wa kisarufi. Ikisemwa "ndugu anayefuata", ngeli ya viumbe hai huingia na msomaji wa haraka anaweza kujiuliza ndugu yupi huyo. Ni afadhali nomino kuu ibaki kuwa "kichwa" na ile ya ukoo iwe kivumishi chake: kichwa ndugu kinachofuata, kichwa mzazi, vichwa watoto. Katika menyu, ambamo nafasi ni finyu, "kichwa ndugu" yatosha, mradi mwongozo ueleze mara moja kwamba udugu huo ni wa tumbo moja.

Cheo na mahali

Mbali na kupita, mtumiaji huweza kuvihamisha vichwa vyenyewe. Alt na mshale wa kushoto hupunguza nyota, na Alt na mshale wa kulia huongeza. Alt na mshale wa juu au wa chini hukihamisha kichwa pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, kikapishana na ndugu yake. Neno "kupandisha" lingefaa kwa vitendo viwili tofauti, na hapo ndipo lisipofaa. Lugha ya ofisini imekwisha kulitatua hili. Mtumishi hupandishwa cheo au hushushwa cheo bila ya kuhama chumba, na huweza kuhamishiwa ghorofa ya juu cheo kikabaki kilekile. Basi kupunguza nyota ni kupandisha cheo, na kubadilisha nafasi katika ukurasa ni kusogeza juu au chini.

Kitufe cha Tab hukunja na kukunjua. Hapa kauli ya kutendua huufanyia Kiswahili hisani, kwani kunja na kunjua, kama funga na fungua, ni jozi ambayo hata mtoto huielewa. Ila Tab ina hatua tatu, si mbili. Mbonyezo wa kwanza huonyesha vichwa watoto tu, wa pili huonyesha kila kitu kilicho chini ya kichwa hicho, wa tatu hukunja tena. Kwa hatua ya kati "watoto" latosha. Kwa ile ya pili neno "uzao" hubeba watoto, wajukuu na vitukuu kwa pamoja.

Herufi za vitufe

Husemwa mara nyingi kwamba njia hizi za mkato haziwafai Waswahili kwa kuwa herufi zake ni za maneno ya Kiingereza. Madai hayo yana ukweli wake. Kwa Mwingereza N hukumbusha kinachofuata, ilhali kwa Mswahili hukumbusha "nyuma", yaani kinyume chake. B ni ya kurudi, lakini masikioni mwa Mswahili huita "baada". F peke yake ina bahati, kwani huelekea upande wa "fuata". Na kwa kuwa Emacs humruhusu mtumiaji kubadili vitufe apendavyo, wapo wanaopendekeza itengenezwe seti ya Kiswahili. Q na X hazitumiki katika tahajia sanifu iliyowekwa tangu enzi za Kamati ya Lugha ya 1930, hivyo hata nafasi za bure zipo.

Pendekezo hilo halina faida inayolingana na gharama yake. Katika maduka ya steshenari ya mjini wapo vijana wanaochapa tasnifu nzima kwa siku mbili, nao hubonyeza Ctrl na P ili kuchapisha, Ctrl na S ili kuhifadhi, wasijiulize kamwe P na S ni za nini. Kidole hukumbuka mahali, hakikumbuki neno. Jina, kinyume chake, hutamkwa na mwalimu, husomwa katika mwongozo, na mtu akikwama ndilo analolitumia kuomba msaada. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika ilikuwa ya majina ya namna hiyo, na hapo ndipo juhudi inapostahili kuwekwa.

Wanaosoma kwa sikio

Kwa mwenye macho, vichwa ni msaada. Asipovipita kwa kibodi atavitafuta kwa gurudumu, atachelewa, atafika. Kwa msomaji asiyeona hali ni nyingine. Yeye husomewa matini na programu kama JAWS, au NVDA iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na ambayo hutolewa bure. Na sauti ya Kiswahili ipo kupitia eSpeak NG, ingawa lafudhi yake haijamfurahisha kila mtu. Sauti husoma kwa mfuatano. Kurasa mia mbili kwa sikio ni saa nyingi, na pasipo vichwa hakuna namna ya kuperuzi. Katika hali ya kuvinjari, H humpeleka kwenye kichwa kinachofuata (na hapa Mswahili anaweza kusema ni H ya habari), Shift na H humrudisha, na tarakimu 1 hadi 6 humpitisha katika rika. Kila afikapo, husikia jina la kichwa pamoja na ngazi yake. Kwake yeye, "kichwa cha juu" lisilojulikana kama ni mzazi au ni kitangulizi humpoteza kabisa, kwani hana ukurasa wa kuutupia jicho ili kujisahihisha.

Lakini programu hutambua kichwa pale tu mwandishi alipokitia alama ya kichwa. Tasnifu nyingi zinazotoka steshenari vichwa vyake vimekolezwa wino na kuongezwa ukubwa kwa mkono, na orodha ya yaliyomo imechapwa kwa nukta moja moja hadi kwenye namba ya ukurasa. Jicho huona sura tano na sehemu ishirini. Kompyuta huona aya tupu zenye wino mzito. Msomaji asiyeona akibonyeza 2 hujibiwa kwamba hakuna kichwa kingine cha ngazi ya 2. Na mwenye macho naye hulipa, maana aya moja ikiongezwa katika sura ya kwanza, namba zote za yaliyomo huwa za uongo.

Dawa yake katika Microsoft Word ni kuweka kielekezi kwenye mstari wa kichwa na kubonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa sura, 2 kwa sehemu, 3 kwa kifungu. Umbo la herufi likionekana baya hubadilishwa mara moja kwa vichwa vyote vya rika hilo. Yaliyomo hujitengeneza yenyewe kutokana na vichwa hivyo, na namba zake husahihishwa kwa amri moja. Miongozo ya kuandika tasnifu huagiza upana wa pambizo, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari. Nafasi ya kuongeza sentensi mbili ipo: kwamba kila kichwa kitiwe alama ya ngazi yake, na kwamba nakala ya kompyuta ikaguliwe kwa kupita vichwa vyote kwa kibodi, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, kabla ya kupokewa.